Ungelivunja, Ningelala

Saa nne na robo usiku. Mvua ya masika inamwagika, stima zimepotea mtaa mzima, na bibi wa chini amesimama mbele ya mlango wake akilifungua na kulifunga pindo la leso. Ufunguo aliufunga hapo pindoni alipokuwa akitoka kwenda hitimani. Sasa pindo liko tupu. Dawa zake za presha ziko ndani, juu ya friji, na nje ya mlango linaning'inia kufuli la shaba alilolinunua mwenyewe miaka tisa iliyopita.

Kijana wa nyumba ya pili alikuwa ameshafika na nyundo na tindo. "Tulivunje tu, bibi. Kesho utanunua jingine."

Mimi nikasema, "Ngoja."

Neno hilo moja limeninyima raha wiki ya sita sasa.

Nilipanda juu kwangu, nikashuka na kijaluba changu cha vyuma. Kijana akanimulikia kwa simu. Nilitia chuma cha kukazia chini ya tundu la ufunguo, nikatia kulabu juu yake, nikazihesabu kwa ncha pini, vile vyuma vidogo vya ndani vinavyolishika kufuli: nne. Ya tatu ndiyo iliyokuwa imekaza. Nikaiinua polepole hadi ikalia tiki, sauti ndogo ambayo kwa mvua ile haikuweza kusikika, lakini kidole kiliipata. Kisha ya kwanza. Kisha ya nne, na ya pili mwisho. Chuma cha juu kikaruka.

Haikutimia dakika moja.

Bibi alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea dua ndefu pale pale mvuani. Nilipanda ngazi nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja kwa muda mrefu. Miaka mitatu ya kukaa na vyuma mezani, watu wa nyumbani wakiniuliza faida yake nini, na hatimaye nimemfaa mtu.

Asubuhi nilipokuwa nateremka kwenda kazini, mlango wa bibi ulikuwa na kufuli jipya, kubwa karibu mara mbili ya lile la kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Siku zote husema, "Marahaba, mwanangu." Siku ile aliishia kwenye marahaba.

Sanduku la babu

Nilijifunza kwa sababu ya sanduku la bati la marehemu babu, ambalo ufunguo wake ulipotea kabla sijazaliwa. Nililibeba hadi kwa fundi wa kuchonga funguo upande wa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, mzee anayekaa chini ya mwavuli na mashine yake, nikatarajia atalikata. Hakulikata. Aliinama juu yake kama mtu anayemsikiliza mtoto mgonjwa, na kabla sijapata pa kukaa kifuniko kilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na karatasi za hospitali na kofia iliyoliwa na nondo. Sikuvitazama sana. Nilikuwa naitazama mikono ya yule mzee.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne akaniambia, "Ami, ukitaka kujua, nenda kanunue makufuli matatu yaliyokufa, uje uyapasue."

Kwa hiyo somo la kwanza halikuwa la kufungua. Lilikuwa la kupasua. Nilikata kufuli moja ubavuni kwa msumeno wa chuma, likiwa limebanwa kwenye jiliwa, mpaka matundu ya pini yakaonekana yamejipanga. Kila tundu lina pini mbili, moja juu ya nyingine, na springi juu yake. Ukitia ufunguo sahihi, meno yake yanaziinua pini za chini kiasi kile kile kinachohitajika, na maungio ya pini mbili yanafika kwenye mpaka wa kiini, ile sehemu inayozunguka pamoja na ufunguo, na nyumba yake. Hapo kiini kinazunguka. Wazo lenyewe ni la kale: komeo za mbao za Misri ya zamani zilikuwa na pini za mbao zilizoanguka kwa uzito wake. Linus Yale mdogo, Mmarekani, ndiye aliyelitia katika umbo hili dogo lenye ufunguo bapa, miaka ya 1860, na tangu hapo dunia nzima inatembea nalo mfukoni.

Waipa, msumeno na beseni la maji

Watu huniuliza vifaa vyangu nilivitoa wapi, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za bunduki. Vilitoka gereji. Waipa ya gari ikichakaa hutupwa, na ndani ya ule mpira wake mna vipande viwili vya chuma chembamba kinachonyumbuka. Kata kipande cha urefu wa kidole, kibane kwenye jiliwa, kipinde ncha kiwe kama herufi L, na chuma cha kukazia kimepatikana. Bure kabisa.

Kulabu nilizichonga kutoka kwenye wembe wa msumeno wa chuma, na hapa ndipo nilipoharibu vingi. Kulabu yangu ya kwanza niliichonga kwenye mashine ya kunolea ya gereji, kwa pupa. Chuma kilipata moto kikageuka buluu, nikaona rangi nzuri. Jioni niliiingiza kwenye kufuli ikajikunja kama waya wa kufungia gunia. Chuma kikifika ile buluu ugumu wake umekwisha toka. Mzee aliniambia niweke beseni la maji pembeni: gusisha mashine, hesabu mbili, chovya majini; gusisha, hesabu mbili, chovya. Ukiweza kukishika kwa vidole bila kuungua, unakwenda vizuri.

Kisha tupa ndogo, kisha msasa, mpaka ncha iteleze kwenye kucha bila kukwama. Kulabu yenye kwaruza hukudanganya. Inakwama kwenye ukingo wa tundu, nawe unadhani umeikuta pini.

Baadaye niliagiza pia kufuli la plastiki angavu, lile ambalo unaona pini zote zikipanda na kushuka. Nasema kwa uhakika wa mtu aliyepoteza nalo miezi miwili: litazame siku moja, ulielewe, kisha mpe mtoto achezee. Ukiona kwa macho, vidole vinalala. Tena matundu yake ni mapana mno, linafunguka hata ukiligusa ovyo, na unaondoka ukijiona umefuzu.

Reki nayo, ile yenye mawimbi unayoipitisha mbele na nyuma kama unapiga mswaki, inafungua makufuli mengi ya bei nafuu. Haifundishi kitu.

Kamba moja hukaza kwanza

Swali lililonisumbua mwanzoni lilikuwa hili: pini tano, na zote lazima zifike mpakani kwa pamoja. Vidole viwili vitaziinuaje zote?

Jibu ni kwamba hakuna kitasa kilichotobolewa sawasawa. Matundu yanapotobolewa kiwandani, moja linakwenda kushoto unywele mmoja, jingine kulia. Ukikikaza kiini kidogo kama mtu anayetaka kukizungusha, uzito wote unaangukia pini moja. Nimewahi kushika kamba wakati dau linavutwa ufuoni, kamba tano na watu wengi. Mtu anayetazama anadhani zote zinavuta. Ukizipapasa utakuta moja tu imekaza kama chuma na nne zimelegea. Ile ikilegezwa, nyingine inachukua zamu.

Ndivyo ilivyo humu. Unatafuta pini iliyokaza, unaiinua mpaka ifike mpakani, kiini kinasogea kiasi kisichoonekana, na pini ile inabaki pale. Unatafuta inayofuata. Moja baada ya moja.

Njia aliyonifundisha mzee naona haina mfano, na ni rahisi mno. Nilichukua silinda ya mlango iliyong'olewa kwenye nyumba inayokarabatiwa Nyali. Unaigeuza kidogo kwa ufunguo wake, kisha unakisukuma kiini kwa nyuma ukitumia kijiti cha mbao kilichokwanguliwa mpaka kikawa na unene ule ule, ili kijiti kikae mahali pa kiini na zile springi za juu zisiruke. Nafanyia kazi hiyo juu ya sinia lililotandikwa taulo. Springi hizi ni nyembamba kama unywele, na ikiruka chumbani usiitafute, imekwenda.

Halafu unatoa pini zote unairudishia moja tu.

Pini moja! Nilimwona mzee kama ananidharau. Silinda yenye pini moja inafunguka ukiigusa. Lakini akataka niifungue mara mia, nimefumba macho, na kila mara nimwambie ni sekunde ipi hasa ilipotulia. Mwisho wa mia ile nilikuwa nimeijua tiki kama ninavyojua sauti ya mlango wa kwetu. Ndipo akaongeza ya pili. Wiki nzima kwenye mbili, nijifunze kwamba kuna inayotangulia. Kisha tatu. Kila nilipoanza kukariri mpangilio, alizichanganya pini bila kuniambia, nikarudi kuwa mgeni.

Nne zilinishinda mwezi mzima. Siku moja akanishika kidole cha shahada, kile kinachokaza, akakigeuza kwenye mwanga.

"Tazama ukucha wako."

Ulikuwa mweupe.

Nilikuwa nakandamiza kwa nguvu zangu zote bila kujua. Ukikaza hivyo pini zote zinabanwa, huwezi tena kujua ipi ni ipi. Tangu siku ile naangalia ukucha kabla ya kuangalia kitu kingine. Ukibaki na rangi yake ya kawaida, sawa. Ukianza kupauka, ninaachia ninaanza upya. Na nyakati za stima kupotea, ambazo kwetu si haba, nilikuwa nafanya mazoezi gizani, kwenye kitanda, kufuli juu ya kifua.

Pini zenye kiuno

Halafu zipo zile zilizotengenezwa kumkamata mtu kama mimi. Pini ya juu inachongwa kiuno katikati, kama kigurudumu cha uzi wa cherehani. Unaiinua, inanasa kwa kile kiuno, na kiini kinazunguka kidogo kisha kinasimama. Unahisi kama umeshinda. Kumbe kitasa kizima kimekushika mkono.

Dawa yake ni kukiachia kiini kirudi nyuma kidogo sana huku kulabu ikiendelea kuisukuma pini. Mkono unakataa. Umefanya kazi nusu saa kupata ule mzunguko mdogo, na sasa unatakiwa uurudishe ukihofia pini nyingine zitaanguka. Na mara nyingi zinaanguka kweli. Kufuli langu la kwanza la aina hiyo nililifungua siku ya ishirini na mbili, alfajiri, adhana inasikika. Nililifunga tena hapo hapo nikalifungua mara ya pili ili nijiaminishe.

Nayasimulia haya kwa kirefu ili ieleweke ninavyoipenda kazi hii. Haikuwa mchezo wa kijinga na haikuwa ujanja wa mtaani. Na ndiyo sababu ile "marahaba" fupi iliniuma.

Wiki ya pili

Mchana wa siku iliyofuata mtoto mmoja aliuleta ufunguo. Ulikutwa chini ya mkeka kule kwenye hitima. Bibi aliupokea, akashukuru, akauweka.

Siku ya tisa nilinunua mahamri na mbaazi nikaenda kukaa naye barazani. Nikamuuliza moja kwa moja kama nimemkosea.

"Kosa gani? Umenifungulia mlango, nimekunywa dawa zangu." Akanyamaza kidogo. "Kulala ndiyo sikulala."

"Kwa nini, bibi?"

"Kufuli lile miaka tisa nalifunga kila nikitoka. Nikenda sokoni nalivuta mara mbili. Nikenda kuzika nalivuta mara mbili. Sasa nimeona kwa macho yangu lafunguka bila ufunguo, na likifungwa halina alama. Basi mimi nitajuaje limefunguliwa mara ngapi?"

"Hakuna aliyelifungua, bibi."

"Wewe wajuaje?"

Sikuwa na jibu.

"Ungelivunja, mwanangu, ningelala. Kilichovunjika nakiona."

Nilirudi juu nikakaa mbele ya meza yangu ya vyuma bila kugusa kitu.

Sili

Kazi yangu ni ukarani kwenye kampuni ya klering, ya kutoa mizigo bandarini. Kutwa nzima naandika nambari za kontena na nambari za sili. Sili ya kontena ni kipande cha chuma kinachopigwa kwenye kitasa cha mlango, na mtu mwenye mkasi mkubwa wa kukatia chuma anaiondoa kwa pumzi moja. Haijawahi kumzuia mwizi aliyekuja na vifaa. Kazi yake ni kusema. Nambari ya kwenye karatasi ikitofautiana na ya mlangoni, kontena limeguswa, na hapo simu zinaanza kupigwa.

Miaka kumi na moja naifanya kazi hii. Ilichukua bibi mwenye umri wa miaka sabini na kitu kunionyesha kwamba kufuli la mlangoni kwake lilikuwa sili vile vile. Lilimzuia mwizi kidogo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kumwambia kila anaporudi: hapana, hakuna mtu. Mimi nililinyang'anya ulimi.

Hata waundaji wa vitasa walilijua hili zamani. Mwaka 1818 Mwingereza Jeremiah Chubb alitengeneza kitasa ambacho, mtu akijaribu kukichokoa na akainua kipande kimoja kupita kiasi, kinajifunga chenyewe. Mwenye nyumba akija na ufunguo wake halali anakuta haufungui mpaka akirekebishe kwanza. Ndipo anajua: nimejaribiwa. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi, na kila mara nilikuwa upande wa fundi anayekishinda. Fundi huyo alikuwa Alfred Charles Hobbs, Mmarekani aliyekwenda London kwenye yale Maonyesho Makuu ya 1851. Kitasa cha Chubb alikifungua kwa dakika 25 hivi. Kisha akakiendea cha Bramah, fundi mwingine wa vitasa wa London, kilichokuwa kimewekwa kwenye dirisha la duka tangu 1790 na ahadi ya gini 200, sarafu za Kiingereza za zamani, kwa atakayekifungua. Kilimchukua saa 51, zilizogawanywa katika siku 16. Akalipwa.

Watu wa London walifadhaika. Hobbs alishikilia kwamba wezi tayari wanajua kuliko waungwana, kwa hiyo kuficha udhaifu wa kitasa kunamdhuru mnunuzi peke yake. Hoja hiyo nimeitumia mimi mwenyewe mara nyingi, kila mtu anaponitazama kwa jicho la shaka. Na bado naiamini. Mwizi wa mtaani kwetu hana subira ya kuhesabu pini, ana mtaimbo.

Lakini sikuweza kuipeleka barazani kwa bibi. Hobbs aliwathibitishia watu wa London kwamba vitasa vyao havikuwa imara, na maisha yake yakaendelea. Hatujui waliobaki walilalaje.

Kanuni mbili

Wanaofanya mazoezi haya kama burudani wana vyama vyao. Cha Ujerumani kilianza Hamburg mwaka 1997, na Uholanzi nao wakaunda chao. Wote wanashika kanuni mbili. Usifungue kitasa kisicho chako pasipo ruhusa ya mwenyewe. Na usichokoe kitasa kinachotumika, hata kiwe chako, maana unaweza kukiharibu na ukabaki nje.

Ya kwanza niliitimiza, bibi aliniruhusu. Hivyo ndivyo nilivyojitetea wiki mbili za mwanzo. Halafu nikaanza kujiuliza aliruhusu nini hasa. Aliruhusu mlango ufunguliwe. Hakujua kwamba anaruhusu pia kuambiwa jambo kuhusu miaka yake tisa. Ya pili niliivunja waziwazi, na nikajua ninaivunja, na sababu haikuwa dawa za presha peke yake. Nyundo ilikuwepo. Tindo lilikuwepo. Nilisema "ngoja" kwa sababu nilitaka kuona kama naweza.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani mtu anayekutwa usiku na kifaa cha kuvunjia nyumba bila sababu halali, na kuithibitisha sababu hiyo ni juu yake mwenyewe. Kwa hiyo kijaluba changu hakitoki nyumbani. Usiku ule kilishuka ngazi kumi na mbili tu. Mahakamani ningekuwa na maneno ya kusema. Barazani sikuwa nayo.

Yule kijana wa nyundo alikuja mara tatu kuniomba nimfundishe. Mara mbili nilimkatalia, nikijua wazi kwamba mzee wa Mwembe Tayari hakunikatalia mimi. Mara ya tatu nikamwambia akanunue kufuli lake kwa pesa zake. Kaleta. Yuko kwenye pini moja mpaka leo, na bado sijaamua kama nimefanya sawa.

Jicho la fundi saa

Kilichonitoa kwenye gando hili ni jambo nililolijua siku zote nikalisahau. Kulabu ni chuma kigumu, pini ni shaba. Shaba ni laini. Ufunguo unaoingia na kutoka kila siku unaisugua ncha ya pini ikawa nyororo, yenye kung'aa. Kulabu inaikwaruza. Kwa jicho tupu huoni kitu, ila wakaguzi wa vitasa huzitoa pini wakazitazama kwa hadubini, na mkwaruzo ukawaambia.

Kwa hiyo ulimi haukung'olewa kabisa.

Nilimwendea bibi nikamuomba lile kufuli la zamani. Alikwenda ndani akaniletea limefungwa kwenye karatasi ya gazeti.

"Chukua. Hilo si langu tena." Ufunguo hakunipa, nami sikuuomba.

Kwenye ubavu wa makufuli ya shaba ya aina ile, ukipiga msasa vizuri, vinatokea viduara vinne vilivyofifia. Ni vizibo vya matundu ya pini. Nilivitoboa kimoja kimoja kwa drili ya mkono, polepole, nikatoa springi, nikatoa pini za juu, nikazigonga za chini zikaangukia kwenye kitambaa cheupe. Nne. Nilizipanga kwa mfuatano wake. Nikaazima kwa fundi saa ile lenzi anayoibana jichoni.

Jumamosi baada ya alasiri, jua likiwa linaingia vizuri barazani, niliteremka navyo juu ya kisahani.

Ilimchukua muda kuizoea lenzi. Alikuwa anafumba jicho lisilofaa. Kisha akatulia, na nikaona mdomo wake unafunguka kidogo.

"Hii yang'aa hapa."

"Ni ufunguo wako huo, bibi. Miaka tisa."

"Na huu mstari?"

"Huo ni mimi."

Aliitazama pini ya kwanza mbele na nyuma. Akaomba ya pili. Ya tatu, ile niliyoanza nayo usiku ule, ilikuwa na mikwaruzo mitatu iliyopishana, kwa sababu niliikosa mara mbili kabla haijatulia. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba niliikosa. Aliihesabu kwa sauti: mmoja, miwili, mitatu.

"Na mwengine?"

"Sioni wa mtu mwengine. Lakini nikwambie ukweli, bibi, mkwaruzo wa zamani sana ufunguo waweza kuusugua ukatoka."

Alifikiri. Alizirudia zote nne tangu mwanzo, moja moja, bila haraka, kama anayechambua mchele. Mimi nilikunywa kahawa yangu yote.

Alipoitoa lenzi jichoni ilikuwa imemwachia alama ya duara shavuni. Akazikusanya zile pini, akaziweka kwenye pindo la leso, akalifunga fundo. Nikamwona anageuka kuutazama mlango wake, lile kufuli jipya.

"Na hili?" akauliza.

"Sijaligusa."

"Usiliguse, mwanangu," akasema, na akanimiminia kikombe cha pili.